Amekagua Magari Kumi na Moja, Hataki Hata Moja

Nyie watu mmenitupa. Tangu viazi vipya vya kiangazi hakuna aliyeniandikia hapa gazetini wala aliyekuja jikoni kwangu kunywa kahawa, na leo theluji ya kwanza imeshaanguka. Nilidhani mmepona wote, kumbe mlikuwa kwenye vibanda vyenu vya ziwani mnaota jua, matatizo mmeyasukumia chini ya kitanda. Aibu. Na wewe binti uliyeandika barua hii, wewe ndiye mkosaji mkuu. Miaka miwili kimya! Mara ya mwisho ulikuja ukimlilia yule mume wa zamani, ukamaliza sinia zima la mikate yangu ya iliki, ukasema "Bibi, nitarudi wiki ijayo." Wiki gani hiyo isiyofika?

Haya, tusikie barua kwanza. Nitakushughulikia baadaye.

*Bibi Elma mpendwa,*

*Najua utanigomba na unigombe tu, lakini nisaidie maana akili yangu imekwama kama tairi kwenye theluji, mimi kama unavyokumbuka natengeneza meno ya bandia kule mjini Seinäjoki na nyumbani ni hapahapa kijijini Lappajärvi, kwa hiyo kila siku ya kazi ni karibu kilomita themanini kwenda na themanini kurudi, na mwezi wa nane gari langu lilifia kwenye ukaguzi, mkaguzi alikuwa chini yake akabonyeza sakafu kwa kidole na kidole kikatokeza juu kwenye zulia, akaniambia, "Mama, hili si gari tena, hili ni chujio."*

*Basi habari ikaenea dukani, na jioni hiyohiyo akaja mlangoni kwangu Jarmo, yule anayekaa ng'ambo ya barabara ya kanisani, anayefanya kazi kwenye ghala la vipuri vya matrekta karibu na kazini kwangu, kavaa ovaroli, akasema, "Saa kumi na mbili kasorobo. Kiti kipo," akaondoka. Tangu siku hiyo mimi ni abiria wake asubuhi na jioni, natembea dakika tano mpaka uani kwake tunaondoka, na Bibi, hatuongei, yeye husema "Baridi," mimi husema "Ee, baridi," tukifika Lapua, katikati ya njia, anaongeza "Kesho itazidi," basi, lakini ukimya wake hauchoshi, ni kama blanketi, na kioo cha upande wangu ndicho anachokwangua barafu kwanza, na kiti changu nakikuta kimeshapata moto, na siku moja hirvi, mnyama wa msituni mwenye mapembe, mkubwa kuliko ng'ombe, aliruka barabarani mbele yetu, Jarmo akakanyaga breki na hapohapo akanyoosha mkono wake mbele ya kifua changu nisirushwe, na mimi mkanda nilikuwa nimefunga, Bibi, sasa mkono ulikuwa wa nini, nimeufikiria mkono ule wiki tatu.*

*Mdogo wangu Päivi amenipeleka kukagua magari kumi na moja, yote nimeyakataa, juzi akanishika bega akaniuliza, "Dada, hili nalo lina kasoro gani?" nikamwambia linanuka mbwa, "Na lile la Kauhava?" nikamwambia honi yake ina huzuni, akapiga kelele mbele ya muuzaji, "Honi ina huzuni! Dada wewe, unanunua gari au unaajiri mpiga tarumbeta?" na amekataa kunisindikiza tena mpaka nichague kati ya mawili mengine ya mwisho, moja jekundu dogo la milango mitatu, lina miaka minne na taa za mviringo kama macho ya mtoto, nikilikalia nacheka peke yangu, na jingine la kijivu la milango mitano, lina miaka tisa, la mjane wa mchungaji wa Evijärvi, kalitunza sana, lina waya wa kupasha injini, ule wa kuchomeka kwenye umeme usiku wa baridi kali, na hita yake ndani, lakini Bibi, linafanana na sufuria, na mjane anataka jibu kabla ya Jumamosi maana yupo mtu mwingine anayelitaka.*

*Sasa lililoniliza ni hili, Alhamisi nimefika uani kwa Jarmo nikakuta kachimba na kusimamisha nguzo mpya ya umeme ya kupashia magari, ina soketi mbili, moja kachomeka gari lake, ya pili kanionyesha kwa kidole akasema, "Hii yako. Ukipata gari." Bibi, moyo ulishuka mpaka kwenye soksi, yaani amenichoka, ananifukuza kistaarabu, nililia nimegeukia dirishani kutoka hapa mpaka Lapua, yeye akadhani ni mafua akanipa peremende ya kifua, na hata sielewi anahangaika na soketi ya nini wakati mimi nyumbani nina nguzo yangu na inafanya kazi vizuri. Nishauri, ninunue lipi, au nisinunue lolote, au nihamie Seinäjoki karibu na kazi nisimwone tena?*

*Abiria, Lappajärvi*

Abiria wewe, nimecheka mpaka meno yangu, ambayo huenda umeyatengeneza wewe, yakataka kutumbukia kwenye kahawa. Nikalazimika kukaa chini. Halafu nikapasoma tena pale pa peremende.

Umeuliza habari ya magari, basi tuanze na magari. Gari la njia ndefu huchagui kwa macho, binti, unachagua kwa makalio. Ndani ya lile jekundu umekaa dakika ngapi, ukicheka peke yako? Tano? Mimi nazungumzia saa mbili na zaidi kila siku, Novemba na Februari, upepo wa ubavuni na malori ya mbao yanakumwagia tope kiooni. Vaa koti lako la baridi na viatu vyako vya theluji, nenda ukae ndani ya kila moja saa nzima. Muuzaji akikutazama kama mwehu, mpungie mkono. Goti likigusa usukani, shuka. Kisha uliingize barabara kuu, mwendo wa mia. Ukiona huwezi hata kusikia unachowaza kwa kelele za matairi, rudisha funguo. Na vigari vifupi kama kile, barabara ikishaganda mawimbimawimbi, vinarukaruka kama mwanambuzi. Utafika kazini huna kiuno.

Tena la kijivu usiliamini kwa sababu ni la mjane wa mchungaji. Wachungaji nao magari yao yanaoza. Chukua tochi, lala chini, na safari hii kidole utie wewe kabla mkaguzi hajatia. Uliza daftari la matengenezo. Uliza taiming belti, ule mkanda wa ndani ya injini, ilibadilishwa lini, na kama mjane hajui, fundi wake anajua. Washa taa uone zinamulika mbali kiasi gani, maana hirvi hapigi hodi. Yote yakiwa sawa, mwanangu, chukua sufuria. Jekundu hukulitajia waya, na Januari itakapokuja na digrii zake ishirini na tano chini ya sifuri, injini iliyolala bila waya inaamka kama mlevi Jumatatu. Hutacheka tena.

Sasa sogea karibu nikuvute sikio.

Nijibu polepole. Waya wa kupasha injini watu wanauchomeka gari likiwa limefanya nini? Limelala nje. Limelala wapi? Kwenye ua wenye nguzo. Wewe kwako nguzo unayo, umeandika mwenyewe, tena umesema inafanya kazi vizuri. Haya, niambie, gari lako litakuwa linatafuta nini alfajiri, limechomekwa uani kwa Jarmo?

Fikiria. Mimi nakunywa kahawa yangu.

Umeshaiva uso? Vizuri. Hata mimi niliiva kidogo, na umri huu.

Mwanamume kachimba shimo kwenye ardhi inayoanza kuganda, kamwita fundi wa umeme, kasimamisha nguzo ya kudumu miaka thelathini, wewe unasema amekuchoka! Mtu akikuchoka anakwambia petroli imepanda. Anakwambia ratiba yake imebadilika. Hakujengei maegesho! Na usimlaumu kwa maneno machache, maana kwa watu wetu yale maneno manne yalikuwa hotuba. Nina hakika aliyafanyia mazoezi bandani tangu Jumatatu, kisha wewe ukageukia dirishani ukamlilia. Maskini wa Mungu! Ndiyo maana akatoa peremende, hakuwa na kitu kingine mfukoni.

Mimi marehemu Toivo wangu alikuja kwetu Jumapili moja, salamu yenyewe kaitoa nusu, akanoa visu vyote vya mama, na shoka, na mkasi wa manyoya ya kondoo, akaenda zake. Nikamwambia mama, "Huyu katutukana. Anasema visu vyetu butu." Mama akasema, "Elma, funga mdomo, oga, atarudi." Akarudi na jiwe la kunolea, akaliacha kwetu. Nimekaa na mtu huyo miaka hamsini na moja. Kusema ananipenda alisema mara moja tu, yuko kitandani hospitali, nikamuuliza mbona umechelewa hivyo, akanijibu, "Nilidhani unajua." Nilikuwa najua. Lakini nilipata hasara ya wiki nzima ya kulia kwa ajili ya visu, na wewe sitaki upate hasara hiyo hiyo kwa ajili ya soketi.

Ila hujanusurika, bado nina hasira nawe. Magari kumi na moja umeyakataa ili uendelee kuwa mtu asiye na gari. Honi ina huzuni! Mwanamke mzima, mwenye kazi yake na mikono ya dhahabu, unajifanya huna miguu ili ubebwe. Sasa yeye atajuaje kama kila asubuhi unakuja kwa ajili yake au kwa ajili ya usafiri? Na wewe mwenyewe utajuaje? Nunua gari lako. Funguo ziwe mfukoni mwako, lina mafuta, lina matairi ya misumari ya kushika barafu, linaweza kukufikisha Seinäjoki au Helsinki au popote pasipo na Jarmo. Halafu asubuhi pita kando ya gari hilo, utembee zile dakika tano, ukakae kwenye kiti cha Jarmo kwa kupenda. Hapo hata mtu wa ghala la vipuri anaelewa. Na hiyo habari ya kuhamia nisiisikie tena.

Kwa hiyo leo hii mpigie mjane. Kesho nenda Evijärvi na Päivi, umwombe radhi njiani, na tochi mkononi. Jumatatu, ukishafunga mkanda, subiri aseme "Baridi." Usijibu "Ee, baridi." Sema hivi: "Jarmo, nimenunua gari. Lina waya. Nililete lini?" Kisha nyamaza. Usieleze, usicheke, usiongeze habari ya bei. Atanyamaza naye, na atanyamaza sana, mwache, hao wanaume wetu hawajibu swali la maana chini ya kilomita thelathini. Akisema "Leo," usipige kelele, mwenzio anaendesha. Baada ya hapo wiki moja mwende na gari lake, wiki moja na lako, kila mtu ajue uzito wa usukani wa mwenzake.

Na kama mimi nimekosea, utakuwa umepata gari zuri la kwenda kazini, na mimi nitalazimika kukuomba msamaha mbele ya wilaya nzima. Sijafanya hivyo tangu nianze kuandikiwa na sina mpango wa kuanza sasa.

Mara nyingine usiniandikie. Njoo mwenyewe, Jumapili ya tarehe moja Desemba, saa nane mchana, na uendeshe wewe. Egesha mbele ya dirisha la jikoni nione vizuri. Akishuka mtu mmoja tu, sifungui mlango.

Bibi Elma