Futi Tatu za Babu

S.L.P. 22,
Kwa Ndululu,
Kitui.
13 Oktoba, 1979

Mpendwa Mjomba Rashid,

Shikamoo, Mjomba, na salamu za amani ziwafikie nyote huko Kisumu. Kifua chako kinaendeleaje? Dereva mmoja wa lori alimwambia Mama kwamba bado unakohoa asubuhi, na tangu hapo kila akimaliza kuswali anakutaja. Sisi ni wazima. Mvua bado. Huko Kalamba anakofundisha dada Khamisa, mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, na hapa mjini maji tunanunua kwa mikokoteni ya punda.

Mikokoteni hiyo ndiyo chanzo cha barua hii. Barabara yetu imekuwa mchanga mtupu na magurudumu yanazama, kwa hiyo wenye punda wanapita juu ya njia ya miguu, pale mbele ya nyumba. Yale mawe bapa unayoyajua yamepasuka yote, kuanzia kwa Mzee Ndeti hadi kwetu. Mwezi uliopita jirani yetu Mama Kaluki alijikwaa hapo akiwa amebeba karai la mandazi, akavunjika mkono.

Baada ya hapo baraza la mji liliamua kwamba kila mwenye nyumba atengeneze kipande kilicho mbele ya ploti yake katika siku thelathini. Asipofanya hivyo, baraza litatengeneza na gharama itaongezwa kwenye kodi ya ploti. Akishindwa na kodi, ploti inachukuliwa.

Mjomba, notisi hiyo utaipata kwa posta wiki hii, kwa kuwa nyumba iko kwa jina lako tangu Babu afariki. Imetiwa sahihi na mimi. Nilipiga chapa notisi kumi na nne, na nilipofika ploti nambari tisa vidole viligoma, lakini karani mkuu, Bwana Muthama, alikuwa amesimama nyuma yangu. Niko kwenye majaribio ya kazi hapo barazani mpaka mwisho wa mwezi huu.

Kwa kuwa Mama ndiye anayeishi humo, nakala yake nilimpelekea kwa mkono. Aliishika mbali na macho, akaniambia nimsomee. Nikasoma hadi mwisho. "Umeokoa stempu," akasema. "Sasa keti ule, Bwana Serikali."

Kesho yake Mzee Ndeti alinisimamisha dukani mbele ya watu.

"Yakub, wewe ndiye uliyesoma. Huyu punda wa maji analipiwa leseni kwenu, sivyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na kwato lake likivunja jiwe, ninayelipa ni mimi?"

"Ndivyo notisi inavyosema, Mzee."

"Basi nipeni huyo punda, nimpande nije naye mkutanoni. Maana naona tayari ni wangu."

Watu walicheka.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Kabla ya kupiga chapa notisi hizo, nilikwenda stoo kutafuta jinsi za zamani zilivyoandikwa, nikatoa faili ya mtaa wetu. Ndani yake nilikuta mapatano ya mwaka 1958. Wakati ule ploti zilifika ukingoni kabisa mwa barabara. Wenye nyumba waliombwa kila mmoja akate futi tatu za ardhi yake ili njia ipatikane. Akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walijitolea kubeba mawe kutoka mtoni na kuyapanga. Ofisi ya mji nayo, ambayo sasa ndiyo baraza, iliahidi kuitunza njia hiyo "siku zote, bila kuwadai wenye ploti". Chini kuna alama kumi na tatu za vidole gumba, na sahihi moja tu, ya herufi za Kiarabu. Niliujua mwandiko huo kabla ya kusoma jina. Ni wa Babu Salim.

Nilimwonyesha Bwana Muthama. Aliisoma mara mbili. Si mtu mbaya, Mjomba. Baraza lina lori moja, na hilo moja halina tairi. Akasema, "Kijana, hii ni karatasi ya wakoloni. Irudishe stoo, na mdomo wako uuache huko huko."

Sijairudisha. Iko kwenye droo yangu, chini ya fomu za leseni, na kila anapopita karibu na meza naisukuma droo kwa goti.

Mapatano yanasema kila mwenye ploti alipewa nakala. Nimewauliza wachache hapa kama kwa mchezo tu. Mmoja anasema yake ililiwa na mchwa, wengine hawakumbuki. Lakini Babu hakutupa karatasi, na wewe baada ya matanga ulichukua sanduku lake la bati la kijani. Tafadhali lifungue. Tafuta karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mhuri wa buluu. Ukiipata, itume kwa rejista kwa Mama, si kwangu wala ofisini. Mkutano wa wenye nyumba ni Jumanne tarehe 30. Mama atasimama nayo mkononi, na hakuna atakayeuliza imetoka wapi, maana ni ya baba yake.

Naona haya kukuomba usinitaje. Uliuza baiskeli yako ili nimalize kidato cha nne, na malipo yangu kwako ni notisi.

Lakini kama bahasha yako haitakuwa imefika Jumatatu, Mama ataingia mikono mitupu. Mimi nitakuwa meza ya mbele nikiandika kumbukumbu, na faili itakuwa magotini pangu. Nimekuwa nikiijaribu sentensi hii peke yangu huko stoo: "Bwana Mwenyekiti, naomba kusoma karatasi moja." Siku ya kwanza sauti ilikatika kwenye neno la pili. Leo asubuhi nimefika mwisho.

Nisalimie mkeo, Mama Tima, na Tima mwenyewe, mwambie bado namdai barua. Mama anasema ufunge kifua usiende kazini na baridi. Mungu akupe pumzi nyepesi na nyumba yenye utulivu.

Ni mimi mpwa wako akupendaye na kukuheshimu,

Yakub