Kwa Mama wa Ubatizo Aliyenikana

Mama yangu wa ubatizo,

Nimesikia umerudi Tura na kwamba hutoki nje tangu siku ile ya jubilei ya shule. Mpwa wako ndiye aliyeniambia. Alitegemea nitaona huruma. Niliona raha.

Ulinikuta Isevya, binti wa fundi cherehani Mwislamu na mama Mkatoliki. Baba alikubali unisimamie nibatizwe kwa sababu, alisema, mwalimu anayefundisha watoto kuwatekea maji wagonjwa hawezi kuwa mtu mbaya. Ukanichagulia jina, ukaniwekea mkono begani, nikawa mwanao.

Kila Jumamosi ulituongoza sisi wasichana wa kikundi cha huduma kwenda kwa wazee wasio na watu. Ulinifundisha kumwosha mgonjwa nikimtazama usoni. "Ukikikodolea macho kidonda," ulisema, "atajua umemsahau yeye." Sijasikia katekesi nzuri kuliko hiyo mpaka leo. Ndiyo maana chuki yangu haichoki: ungekuwa mjinga tu, ningekwisha kukusahau.

Nilikuwa kidato cha tatu Bibi Kalunde, mmoja wa wazee wetu wale, alipozidiwa. Ulinivuta kando baada ya chakula cha mchana. "Nenda ukae naye, asife peke yake. Mkuu wa shule nitamweleza mimi." Nilikwenda. Alikata roho jua likizama, kichwa chake mapajani mwangu. Nikangoja majirani waje, nikarudi shule giza limeshaingia. Mkuu alikuwa amesimama langoni, nawe kando yake.

"Nani alimruhusu huyu kutoka?"

Nilikutazama nikiwa nimetulia kabisa, maana nilijua utajibu. Ukasema, "Sikumtuma."

Kesho yake mstarini ilitangazwa kwamba nilikuwa kwa mwanamume, na kwamba nimefukuzwa. Ulinivua skafu ya kikundi kwa mikono yako, skafu ambayo baba ndiye aliyeishona. Alipokuja kunichukua alikuuliza kwa upole, "Mwalimu, binti yangu anasema ulimtuma." Ukamjibu mbele ya walimu wote, "Mzee, damu yenu imeshinda maji ya ubatizo."

Alifunga sanduku langu nyuma ya baiskeli, tukatembea hadi nyumbani. Alikufa miaka sita baadaye. Hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi siku ile, na sijui kama ni kwa kuniamini au kwa kuogopa jibu. Hilo, mama, ndilo nisilokusamehe.

Nilimalizia masomo Nzega kwa shangazi, nikasomea ualimu, kisha nikaomba kazi shuleni kwetu kulekule. Watu walidhani ni upendo. Kikundi cha huduma sasa nakilea mimi, na hakuna msichana anayevuka lango bila maandishi yangu na saini yangu.

Mkuu mpya aliponiomba nisome sifa zako siku ya jubilei, nilimjibu, "Kwa furaha." Ulikaa mstari wa mbele na kitenge kipya, ukinitabasamia kama mtu aliyekwisha kusahau. Nilisoma mema yako yote, sikupunguza hata moja. Kisha nikasoma lile neno lako moja, "Sikumtuma," na mahali ulipolisemea, na jina la bibi aliyekuwa amefia mapajani mwangu. Hakuna aliyepiga makofi. Ulipapasa fimbo yako chini ya kiti. Hakuna aliyeinama kukuokotea, nami sikuinama.

Padri ameniuliza kama najuta. "Bado, Padri." Wasichana wangu nao wamegundua kwamba tukisali Baba Yetu, huwa nanyamaza tukifika kwenye kusamehe. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona hapo husikiki?" Nikamwambia koo linaniwasha. Ni uongo wangu wa kwanza kwao, na huo nao nauhesabu kuwa wako.

Mpwa wako anasema unataka nije tuonane kabla hujafa. Siji. Mama yangu mzazi yu hai, nyumba ni ileile. Miguu yake ndiyo imekwisha, masikio yapo. Panda treni uje umwambie kwamba ulinituma. Kisha nenda makaburini ukamwambie baba, kwa sauti, wapita njia wasikie. Ukishafanya hayo, tutazungumza.

Ukifa kabla, nitakuja mazishini. Nitasimama nyuma kabisa, na wakiuliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu, nitanyoosha mkono.

Fanya haraka, mama. Baki salama kama unaweza.

Mwanao wa ubatizo,
Yustina