Bibi Alisoma Udaktari Pamoja Nami

Bweni la Wanafunzi wa Udaktari,
9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na mgongo wako umepata nafuu. Nyumbani miili ni mizima, ila mioyo haijatulia. Baba anakula kwa kubembelezwa.

Siku ya mazishi, ulipokosa kufika kwa umbali, uliniuliza kwenye simu, "Wewe ndiye daktari wa nyumba hii, ulimwachaje mama yangu?" Nililia tu. Leo nakujibu.

Unajua chuo chetu kimegawa masomo. Nadharia tunaifuata mtandaoni, kila mtu kwao. Wodini tunaitwa kwa zamu. Ndiyo maana nilikuwa nyumbani na Bibi. Nikifungua kompyuta, naye anavuta kiti. Mhadhiri akisema habari za asubuhi, Bibi anaitikia, "Njema, baba." Alimwita mkwe wake, akanisihi nimkubali kabla hajaibiwa na wengine.

Nilijifunza kusikiliza moyo kwenye kifua chake. Alikuwa akibana pumzi ati nisikie vizuri. Nikimwambia apumue, anacheka mpaka sisikii kitu. Siku moja nikasikia mlio nisiouelewa. Nilimweleza mhadhiri, akasema, "Hilo siwezi kulipima kwenye kioo cha kompyuta. Mpelekeni hospitali." Tukampeleka. Wakasema moyo umechoka, wakampa dawa, akapata nafuu kidogo.

Hapo zamu yangu ya wodi ikafika. Niliomba nisogezewe mbele, nikajibiwa kuwa anayekosa zamu anarudia mwaka. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifungia begi. "Nenda ukashike wagonjwa," alisema. "Mimi umeshanishika vya kutosha."

Wiki iliyofuata, asubuhi, aliomba chai, akaegemea mto. Mama alipogeuka na kikombe, Bibi alikuwa ameshakwenda. Hakuhangaika, Shangazi. Saa hiyo mimi nilikuwa wodini, nimeshika mkono wa bibi wa watu, napima mapigo yake.

Juzi chuo kimetuita tutoe maoni. Mwenzetu mwenye mtoto mchanga alisema bila masomo ya mtandaoni angekuwa ameshaacha. Kijana tunayemwita Mrefu akasema kwao mtandao unakatika kila mvua ikinyesha, na kwamba ameyaona mapafu mengi kwenye picha lakini wodini hakujua aanzie wapi. Nami nikasimama. Nilisema tusiondolewe hata kimoja: nadharia ilinipa miezi na bibi yangu, na wodi inanifundisha kisichofundishika kwa mbali. Ila mwenye mgonjwa nyumbani aruhusiwe kubadilishana zamu. Mkuu wa kitivo akaniuliza, "Bibi yako anaendeleaje?" Nikamwambia tumeshamzika.

Jana wametangaza kuwa zamu zitabadilishwa kwa mwenye dharura. Wenzangu walikuja kunipa mkono. Niliwashukuru, kisha nikajifungia chumbani.

Ndivyo nilivyomwacha. Kama bado una uchungu nami, sikulaumu. Ni mama yako.

Shali yake ya kijivu Mama hajaifua. Amekukunjia, maana bado ina harufu yake. Akipatikana msafiri wa kuja huko, tutamkabidhi.

Baba na Mama wanakusalimu, na kitinda mimba wetu anauliza utakuja lini. Wabusu watoto. Mungu akushike mkono huko uliko mbali nasi katika msiba huu, akupe usingizi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye kama zamani.