Kwa Babu Wilf, Uliyeitoa Bodi ya Lorraine

Mwaka umeshakatika, Babu, tangu tukuache makaburini hapa Huddersfield na mvua ile. Mwaka mzima tumekusifu tu. Leo pia tutakusifu, ila kuna jambo.

Ulikuwa mtu wa watu. Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa wazee wa klabu na kompyuta zao za zamani za nyumbani, zile za vitufe vya mpira, wote wanakungoja wewe.

"Wilf, hii yangu toleo la ngapi?"

Unaigeuza, unamulika tochi kwenye tundu la nyuma, unaangalia kibati cha kupozea joto kwenye bodi, ule ubao wa saketi wa ndani, kimekaa upande gani. "La tatu, kaka. Ganda la zamani, bodi ya juzi. Umeuziwa sura."

Watu wanacheka, mwenye mali ananuna, unamtengenezea chai. Ila mtu aliyebadilisha bodi halafu akanyamaza, huyo hukumpa hata mkono.

Chai yako yenyewe nzito kama lami. Tunaikosa.

Mama yetu Lorraine, binti yako wa pekee, ulimnunulia toleo la kwanza la kompyuta hizo akiwa mdogo. Ndani yake kulikuwa na chipu moja iliyobandikwa chali, miguu juu, yeye akaiita mende. Ulituambia alikuwa hakubali kulala mpaka ufungue ganda amuage mende wake. Ulipofariki, mashine zako nyingine zote zilienda klabu. Yeye aliomba hiyo moja tu.

Juzi akaifungua ili aiweke mezani pembeni ya picha yako. Mende hayupo. Bodi imeandikwa toleo la tatu.

Akadhani tumeibiwa. Akamwita Ellis, rafiki yako wa klabu. Ellis akakoroga chai mpaka ikapoa.

"Lorraine, mdogo wangu, bodi iko kwangu. Yangu iliungua maonyesho yamekaribia, baba yako akanipa ya kwako. Akasema nisiseme, atakwambia mwenyewe."

"Na kila Krismasi unakuja kula keki yangu, kimya?"

"Keki ilikuwa tamu."

"Usinichekeshe, Ellis. Nenda kailete."

Kuitoa si kitu, Babu. Rafiki kakwama, umemsaidia, ndivyo ulivyokuwa. Lakini Krismasi yako ya mwisho Mama alitaka kutuonyesha huyo mende, ameshashika bisibisi, ukamwambia, "Acha, mwanangu, skrubu zimechoka, utaziharibu." Ulimtazama usoni kabisa. Naye akarudisha bisibisi kabatini, akakubusu kichwani. Hapo ndipo panapomuuma. Sisi pia, maana tulikuwepo, na tulikuamini wewe kuliko mtu yeyote.

Ellis ameileta bodi. Mama ameirudishia ndani ya ganda mwenyewe, imewaka vizuri tu. Akaizima, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumapili tunakuja na maua. Mama haji. Kasema, "Mwambieni bado nina hasira naye. Zikiisha nitakuja mwenyewe, tena peke yangu, tutaongea."

Tunaokukumbuka ni binti yako Lorraine, mkweo Graham, wajukuu zako Keeley na Nathan, na Ellis, ambaye kwa sasa anakunywa chai yake mlangoni.

Hatutakusahau, Babu. Mama amejaribu, ameshindwa.