Mkeka Ulioshushwa Ukutani

Dada Lupelele,

Huku tu wazima, na kuku wa jirani bado anataga kitandani kwako. Kubwa ni hili: mkeka wangu, ule niliousuka kwa mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi, umetundikwa kwenye maonyesho ya sanaa mjini Apia, na kibao cha “Usiguse”.

Mama alikuja na wasukaji wenzake. Shangazi Fuatino akaniuliza, “Mkeka umekosa nini hata mkausimamisha?” Sijajibu, wameshaushusha, wameutandika, wamekaa. Mlinzi akaja mbio.

“Mama zangu, hiyo ni sanaa.”

“Ndiyo maana tumekaa vizuri,” Shangazi akasema. “Vua viatu, mwanangu, uketi.”

Akavua. Wageni nao wakavua, tukaimba mpaka jioni.

Mama alikuwa akiupapasa, maana siku hizi anaona mwanga tu. Alinikataza kukwambia. Vidole vikafika pembeni.

“Pembe hii hujaimaliza.”

“Hiyo ni ya Lupe, Mama. Ataimaliza akija.”

Akacheka, kisha akaifunika kwa kiganja. Watu walizidi, nafasi ikawa finyu, lakini mkono hakuuondoa. Kila aliyetaka kukaa pale, Mama alimwambia, “Hapa pana mtu.”

Mdogo wako,
Fetuao