Serikali Ipi Inajitahidi Zaidi, Baba?

Baba,

Lile swali lako bado linanisumbua, na sasa sina wa kubishana naye. Ni miezi saba tangu tukuzike nyumbani Wundanyi. Mjukuu wako Wakesho yuko darasa la nne hapa ugenini Ilford, na nikimsemesha Kiswahili bado ananijibu kwa Kiingereza.

Unakumbuka ulipotutembelea, tukaenda shuleni kwake siku ya wazazi? Wenzetu walitazama kompyuta. Wewe, mwalimu mkuu mstaafu, ulimwuliza mwalimu mkuu wa pale ni nani anayelipia sabuni ya chooni. Yule mama alicheka, akasema ni serikali, kisha akaanza kulalamika kwamba fedha hazitoshi. Kwenye basi tukirudi ukasema, "Kumbe hata hapa wanalia." Ndipo ukaniuliza ni serikali ipi inajitahidi zaidi kusomesha watoto, yao au yetu. Nilijibu upesi kwamba ni yao. Ukatikisa kichwa. "Usitazame ukubwa wa sufuria tu. Uliza nyumba ina unga kiasi gani, na watoto ni wangapi."

Tulibishana kwa simu kila Jumapili hadi ulipougua.

Mwezi uliopita shule ilitutangazia kwamba bajeti imepungua, kwa hiyo Bi Parveen, msaidizi anayekaa na watoto waliochelewa kujua kusoma, ataondolewa. Ndiye aliyemfungua macho Wakesho. Niliumia, lakini pia nilishikwa na ile hamu yako ya kujua. Jumamosi nikaenda maktaba, nikafungua majedwali yanayolinganisha nchi kwa fedha za elimu. Ungefurahi, Baba! Ukizipanga nchi kwa kiasi anachopata kila mtoto, sisi tuko chini, mbali sana na hawa. Ukizipanga kwa fungu ambalo kila serikali hulimega kutoka bajeti yake, safu inavurugika, na nchi kadhaa maskini zinawapita matajiri. Sote wawili tulikuwa sahihi. Nilishika simu nikupigie. Nikaiweka chini.

Halafu nikaanza kutafuta shule yako humo. Katika yale niliyofungua sikuona maharagwe ambayo akina mama walileta jikoni, wala mwalimu wa hesabu ambaye wazazi walimwajiri wenyewe serikali ilipochelewa kuleta wake. Hizo si fedha za serikali, najua. Lakini bila hizo kengele ingemlilia nani?

Wiki iliyofuata tuliitwa mkutanoni. Mwalimu mkuu alipendekeza wazazi wachange ili Bi Parveen abaki, na majina ya waliochanga yabandikwe ukutani kama shukrani. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakumbuka ulivyonisimulia kwamba mlipobandika orodha kama hiyo shuleni kwako, watoto wa wasio na kitu waliacha kuja shule kwa aibu, na ukazunguka nyumba kwa nyumba ukiwaomba radhi. Hukuwahi kunificha kosa lile.

Nikasimama. Niliwaeleza habari hiyo, nikasema, "Baba yangu alijuta mpaka mwisho. Tafadhali msibandike."

Mwalimu mkuu akaniuliza ulikuwa nani, nikamwambia ndiye aliyeuliza habari za sabuni. Alikukumbuka, Baba. Orodha haikubandikwa. Wenye uwezo walichanga bila majina, na Bi Parveen atakuja siku tatu kwa wiki mpaka mwaka wa shule uishe. Baada ya hapo hakuna ajuaye.

Sijui bado nikujibu nini. Serikali inayojitahidi zaidi ni ile inayotoa kingi, au ile inayojinyima zaidi, au ile isiyomwachia mzazi mzigo? Pumzika, mwalimu wangu. Desemba nitakuja nyumbani na daftari, niwaulize wazazi wa shule yako kila mmoja alitoa nini, niandike.

Nitaanza na Mama. Alibeba maji ya kujengea darasa la kwanza la shule yako akiwa na mimba yangu, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwuliza ni madumu mangapi.

Mwanao,
Mkamburi