Lori Lisilosikika

Jumatatu, 3 Machi 2025

Lori la umeme limefika! Jeupe, safi, limeegeshwa kwenye karakana ya mji na kila mtu anataka kuligusa. Ni letu kwa wiki moja tu, la majaribio. Likijaa taka, wafadhili watatupa ruzuku ya kununua mengine ya aina hiyo hapa Homa Bay. Lisipojaa, ruzuku inaenda mji mwingine. Mimi ndiye msimamizi wa usafi, kwa hiyo lawama zote ni zangu.

Namwaza zaidi Zablon, dereva wetu. Amevuta moshi wa lile lori kuukuu miaka yote. Daktari amemwambia aachane nalo, kifua kimechakaa. Lakini ana watoto shuleni. Aache aende wapi?

Jumanne, 4 Machi

Aibu! Lori limerudi tupu. Tupu kabisa! Zablon amezunguka mitaa yote, hakuna aliyetoka na gunia.

Nimeenda kumuuliza Mama Jerusha, muuza dagaa wa omena. Akanishangaa — lori gani? Yeye hajasikia lori lolote leo. Ndipo nikaelewa. Watu wetu hawafuati ratiba. Wao husikia lile kuukuu likinguruma tangu sokoni, ndipo wanatoa taka. Hili jipya limewapita mlangoni kimya. Nani angefikiria?

Jumatano, 5 Machi

Zablon kaja na wazo: kuukuu litangulie likinguruma, yeye akiliendesha, na mimi nifuate na jipya likibeba. Nami nikakubali! Sijui nilikuwa na akili gani.

Limejaa, ndiyo. Limejaa pomoni. Lakini tulipokata kona ya sokoni, nani kasimama pale, leso puani? Helen, mkaguzi wa wafadhili, katoka Nairobi bila taarifa. Kalitazama lori la moshi. Kalitazama lori safi likifuata ndani ya moshi huo huo.

"Madam, hii ni ya announcement tu," Zablon akamwambia. Kisha akakohoa mpaka akashikilia mlango. Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi, 6 Machi

Helen kaja ofisini asubuhi. Nikajua ndiyo basi tena. Akaketi — akacheka hadi akafuta machozi! Ah, Mungu yupo. Kasema ya jana ataiandika kama funzo, ila lile kuukuu lisiwashwe tena. Kesho anataka kuona lori jipya likijaa lenyewe.

Mchana tumejaribu honi. Watu wakadhani ni harusi. Wametoka watoto tu, wakicheza. Lori limefika nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nimeegemea lori, hapa hapa mtaani. Zablon kaikataa honi. Kashusha kioo, anaita kwa mdomo wake mwenyewe. Huku mke wa mtu huitwa Nyar, yaani binti wa, pamoja na jina la kwao alikozaliwa, na Zablon, Mkisii huyu kati ya Wajaluo, anawajua wote.

"Nyar Karungu! Leta taka, mama! Nyar Kosele, bado umelala?"

Na wanatoka! Magunia kichwani, matusi ya utani mdomoni. Mmoja kaja mikono mitupu kulalamika tu — mbona yeye hajaitwa, kwani wanawake wa Masara hawana taka? Kaambiwa akalete. Kaenda mbio.

Lori limejaa hadi ukingoni. Helen yuko pale kwenye gari lake, simu sikioni, anaongea na wakubwa wake. Kiingereza kingi, sisikii neno. Kaninyooshea kidole: subiri.

Nasubiri. Ajabu, moyo umetulia. Wiki iliyopita Zablon hangeweza kumwita mtu wa ng'ambo ya barabara bila kifua kumkaba. Leo anaita mtaa mzima tangu asubuhi, na sijamsikia akikohoa.

Helen kakata simu. Anakuja huku. Sioni kama anatabasamu au ni jua tu —

"Nyar Masara! Haya basi, tunakungoja wewe!"